Maji Yasichemke Angani: Rejeta ya Eropleni Iliyojengwa Nyumbani

Nani kati yetu hajaliona lori lililosimama mlimani, boneti imefunguliwa, mvuke wafuka kama chungu cha maharage, na utingo ateremka bondeni na debe kutafuta maji? Dereva ameketi juu ya jiwe kivulini. Hana wasiwasi mkubwa. Ajua kwamba akingoja kitambo, rejeta ikapoa, akafungua kifuniko polepole na kuongeza maji, safari itaendelea. Abiria watanung'unika kidogo, lakini jioni watafika kwao.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, kwamba injini kama hiyo imo ndani ya eropleni ndogo, mita 200 juu ya miti. Maji yakichemka huko hakuna pa kuegesha, hakuna kijito, wala hakuna jiwe la kukalia kivulini. Rubani ana dakika chache tu za kutafuta mahali pa kushuka. Ndiyo maana watu wanaojijengea eropleni na kuzitia injini za motakaa husumbuka sana na jambo moja ambalo mwenye lori hulifikiri mara chache: rejeta iwe kubwa kiasi gani?

Jibu la haraka ni kusema, "Tia kubwa kabisa, yaishe." Kumbe jibu hilo limewaangusha wengi. Katika makala hii tutaona kwa nini, na tutafanya hesabu ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifuata.

WATU WANAOJIJENGEA EROPLENI

Huko Marekani wako waalimu, mafundi wa umeme, wakulima na wazee waliostaafu ambao hujenga eropleni kwa mikono yao wenyewe, katika gereji au katika banda nyuma ya nyumba. Wengine hutumia mbao na kitambaa, wengine bati la aluminiamu lenye ribiti maelfu. Kazi hiyo huchukua miaka, maana hufanywa jioni baada ya kazi ya mshahara, na siku za mapumziko. Mwaka 1953 Paul Poberezny na wenzake walianzisha chama cha watu hao mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Chama hicho chaitwa Experimental Aircraft Association, na tangu mwaka 1970 mkutano wake mkuu hufanyika Oshkosh, katika jimbo hilo hilo, ambako eropleni hushuka kwa maelfu.

Serikali ya huko huwapa ruhusa kwa masharti. Sehemu kubwa ya kazi lazima iwe imefanywa na wajenzi wenyewe kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Eropleni lazima iandikwe neno la kuonyesha kwamba ni ya majaribio, na ndani yake pawe na maandishi ya kumwonya abiria kwamba chombo hiki hakikukaguliwa kwa kanuni zile za eropleni za kawaida. Abiria hapandi mpaka majaribio yamekwisha.

Walakini injini mpya ya eropleni ni ghali mno. Bei yake hufika makumi elfu ya dola. Basi wengi hutazama injini za motakaa, na moja iliyowavutia kwa miaka mingi ni injini ya rota ya kampuni ya Mazda ya Japani.

INJINI YENYE PEMBE TATU

Injini tulizozizoea zina pistoni zinazopanda na kushuka kama mchi ndani ya kinu. Injini ya rota haina pistoni. Ina chuma chenye pande tatu, kiitwacho rota, kinachozunguka ndani ya nyumba iliyobanwa katikati kama ganda la karanga lenye punje mbili. Pembe tatu za rota hugusa ukuta wa nyumba hiyo daima. Nafasi kati ya rota na ukuta hupanuka na kubana, na kwa njia hiyo mchanganyiko wa hewa na petroli huvutwa, hushindiliwa, huwashwa, na moshi hutolewa. Rota ikizunguka mara moja, mhimili huzunguka mara tatu.

Aliyeibuni ni Mjerumani Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902. Injini ya kwanza ya namna hiyo iliwaka na kuzunguka tarehe 1 Februari 1957 katika kiwanda cha NSU, mjini Neckarsulm. Baadaye Mazda waliichukua, wakaipa miaka mingi ya taabu na majaribio, na mwaka 1991 motakaa yao yenye injini ya rota ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa. Ile inayopendwa na wajenzi wa eropleni yaitwa 13B. Ina rota mbili, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 1,308. Haina valvu, vitu vinavyosogea ndani yake ni vichache, ni nyepesi, na hutikisika kidogo. Kwa kuwa huzunguka upesi, mara 6,000 kwa dakika au zaidi, hufungiwa giaboksi ya kupunguza mwendo ili propela isipite mzunguko unaoifaa.

Hayo ni mazuri yake. Sasa tuje kwenye joto lake.

Katika injini ya pistoni, mahali palipowaka moto ndipo pia huingia hewa baridi mzunguko unaofuata, hivi pakapata nafuu kidogo. Katika injini ya rota sivyo. Upande mmoja wa nyumba ni jikoni siku zote, na upande wa pili ni barazani siku zote. Moto huwaka daima karibu na plagi, hewa baridi huingia daima upande mwingine. Maji yanayopita ndani ya kuta lazima yaondoe joto upande ule wa jikoni bila kukoma, la sivyo chuma kitapinda.

Tena nyumba yenyewe si kipande kimoja. Imepangwa kama mkate uliokatwa: chuma, aluminiamu, chuma, aluminiamu, chuma, na vyote vimekazwa kwa bolti ndefu. Katikati ya vipande hivyo hukaa mipira miembamba ya kuzuia maji yasiingie mahali pa moto. Injini ikipata joto kupita kiasi, hata mara moja tu, mipira hiyo yaweza kuharibika na vipande vikapinda. Baada ya hapo maji hupenya ndani, na mwenye injini atalazimika kuifungua yote. Basi kupoza injini hii ni jambo la kwanza kabisa.

DEBE LA MAJI KWA DAKIKA MOJA

Joto linalotakiwa kuondolewa ni kiasi gani? Tuchukue injini inayotoa nguvu za farasi 160 wakati wa kuruka, yaani kilowati 120 hivi. Joto lote la petroli inayoungua, kwa kukadiria, tuligawe mafungu manne. Fungu moja huzungusha propela. Mafungu mawili hutoka na moshi, maana moshi wa injini ya rota ni wa moto mno. Fungu la nne huingia katika maji na katika mafuta ya injini, nalo ndilo tunalopaswa kulichukua na kulitupa nje.

Kwa hiyo twaweza kukumbuka hivi: joto la kutupa kwa njia ya rejeta ni karibu sawa na nguvu inayokwenda kwenye propela. Hapa ni kilowati 120. Birika ya umeme ina kilowati 2 hivi. Ni kama birika 60 zinachemshwa kwa pamoja. Au tuseme kwa mfano wa kwetu: joto hilo lingechemsha debe la maji baridi la lita 20 kwa muda usiotimia dakika moja, na debe la pili dakika inayofuata, na la tatu, bila kupumzika, muda wote eropleni inapopanda kwa nguvu zote.

Maji hayalimalizi joto. Maji ni mchukuzi tu, hulibeba kutoka injini mpaka kwenye rejeta na kurudi. Yakizunguka lita 120 kwa dakika, hutoka kwenye rejeta yamepoa digrii 10 tu hivi. Wako watu wanaodhani kwamba maji yapitishwe polepole ili "yapate nafasi ya kupoa." Si kweli. Yakipita polepole, yale yatokayo katika injini huwa ya moto zaidi, na yale yaliyo karibu na plagi huanza kutoa mapovu ya mvuke. Heri yapite kwa wingi.

Anayelitupa joto mwishoni ni hewa. Na hewa ni mchukuzi dhaifu. Lita moja ya maji ikipoa digrii moja, joto linalotoka latosha kupasha lita 3,500 za hewa digrii moja. Hapo ndipo shida yote ilipo. Mjenzi mwenye kuhesabu ukubwa wa rejeta, kwa kweli ahesabu hewa.

HESABU YA KUPANDA

Wapeni watoto kalamu na karatasi, tuhesabu pamoja.

Saa gani ni ngumu kuliko zote? Si wakati wa mwendo wa kasi juu angani. Wakati mgumu ni ule wa kupanda baada ya kuruka, mchana wa jua kali. Hapo injini yatoa nguvu zake zote, nayo eropleni yaenda polepole kwa sababu yapanda. Ni sawasawa na lori letu: halichemki tambarare, lachemka mlimani, gia ya kwanza, upepo ukitoka nyuma.

Tuseme eropleni yapanda kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa, yaani mita 44 kwa sekunde. Hewa ya nje ina digrii 30, maji ya injini yana digrii 90. Hewa ikipita ndani ya rejeta iliyo nzuri, tuseme yaingia na digrii 30 na kutoka na digrii 70. Yaani imepata digrii 40.

Kilo moja ya hewa ikipata digrii 40 hubeba kilojuli 40 hivi. Twataka kutupa kilojuli 120 kila sekunde. Kwa hiyo twahitaji kilo 3 za hewa kila sekunde. Hewa ya digrii 30 ni nyepesi, na kilo 3 zake hujaza nafasi ya mita za ujazo 2.6. Hewa yote hiyo lazima ipite katikati ya mapezi ya rejeta kila sekunde moja.

Kama tungeiacha iingie kwa mwendo ule ule wa eropleni, tundu la sentimita 24 kwa 24 lingetosha kuiingiza. Lakini hewa inayopiga rejeta kwa kasi ya mita 44 kwa sekunde haipiti vizuri. Mapezi huizuia, nayo hurudi nyuma na kukimbilia pembeni. Basi yafaa ipunguzwe mwendo kwanza. Tuseme ipunguzwe mpaka robo, mita 11 kwa sekunde. Gawanya 2.6 kwa 11, utapata karibu mita ya mraba 0.24. Hiyo ni rejeta yenye uso wa sentimita 48 kwa 49.

Hicho ndicho kipimo cha uso kwa mfano wetu, kwa maji na mafuta pamoja. Mjenzi mwenye akili haishii hapo. Hujiuliza: je, siku ya digrii 40? Tofauti kati ya maji na hewa ilikuwa digrii 60, sasa ni 50. Uwezo wa rejeta umepungua sehemu moja katika sita. Je, mapezi yakijaa vumbi na wadudu? Basi huongeza kiasi cha akiba, lakini kiasi cha kujulikana, si cha kubahatisha.

KWA NINI KUBWA PEKE YAKE HAITOSHI

Mtu akiwa na nafasi ndogo mbele ya injini, hushawishika kutia rejeta nene badala ya pana. Ahesabu ujazo, aona ni ule ule, afurahi. Lakini tazama uji wa moto. Ukiuacha kwenye bilauri utakaa sana na moto wake, ukiumimina kwenye sahani pana utapoa upesi. Uji ni ule ule, ila hewa imepata pa kuugusa.

Rejeta nene ina shida mbili. Kwanza, hewa ikishapita nusu ya unene imekwisha pata joto, na ile nusu ya nyuma hupata hewa moto tu. Kwa hiyo unene ukiongezwa mara mbili, upoaji hauongezeki mara mbili. Pili, hewa husukumwa na nini? Kwa mwendo wa eropleni tu. Kwa kilometa 160 kwa saa, nguvu ya upepo unaogonga mbele ni sawa na kuinua maji sentimita 11 tu ndani ya mrija. Hiyo ndiyo mali yote aliyo nayo mjenzi wakati wa kupanda. Rejeta nene mno huila yote, na hewa haipiti. Kwa mwendo wa kilometa 280 kwa saa, nguvu hiyo huwa mara tatu, sentimita 35 hivi. Ndiyo maana eropleni iliyopoa vizuri sana ikienda kasi yaweza kuchemka ikipanda, na mwenyewe ashangae.

Rejeta kubwa mno nayo ina gharama yake. Hewa inayozuiliwa huivuta eropleni nyuma, na injini hutumia petroli kuishinda. Uzito wa maji na chuma huongezeka puani. Basi kipimo chatakiwa kiwe cha kutosha kupanda, tena kisizidi sana.

MLANGO WA KUINGILIA NA MLANGO WA KUTOKEA

Rejeta ya eropleni ni ya kale kama eropleni yenyewe. Ndugu wawili Wright, walioruka tarehe 17 Desemba 1903 huko Kitty Hawk, injini yao ya nguvu za farasi 12 tu ilipozwa kwa maji. Wao waliiacha rejeta yao wazi kwenye upepo. Mwendo wao ulikuwa mdogo, haikuwadhuru.

Eropleni zilipoanza kwenda kasi, watu waliona kwamba rejeta iliyo wazi ni kama kuvuta mlango hewani. Mwaka 1935 Mwingereza F. W. Meredith, aliyefanya kazi Farnborough, alionyesha njia iliyo bora. Rejeta iwekwe ndani ya mfereji. Mfereji uwe na mdomo mdogo, kisha upanuke polepole ili hewa ipunguze mwendo na kupata nguvu ya kusukuma, ipite kwenye rejeta kwa utulivu, halafu mfereji ubane tena na kuitupa hewa nyuma kwa kasi. Tena hewa iliyopata moto hutanuka, na ikitupwa nyuma vizuri hurudisha sehemu ya nguvu iliyopotea. Eropleni ya vita iitwayo Mustang, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, ilibeba rejeta yake hivyo, chini ya tumbo, nyuma ya rubani.

Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Farnborough, Dietrich Küchemann na mwanamke aliyeitwa Johanna Weber, walitoa kitabu kilichoeleza mifereji ya namna hiyo kwa hesabu. Wajenzi wa nyumbani bado hukitafuta. Kwa nini? Kwa sababu eropleni ndogo haina nafasi ya mfereji mrefu, na ukiupanua ghafula hewa haifuati ukuta. Huachana nao, ikazungukazunguka pembeni kama maji ya mto chini ya maporomoko, na sehemu ya katikati tu ya rejeta ndiyo hupata hewa. Mtu aweza kuwa na rejeta ya sentimita 48 kwa 49, kumbe inayofanya kazi ni nusu yake. Mfereji wenye umbo la mdomo wa tarumbeta, uliolainishwa vizuri, husaidia hata ukiwa mfupi.

Na mlango wa kutokea ni wa maana kuliko wanavyodhani wengi. Nyumba yenye dirisha moja haipiti upepo, hata dirisha hilo liwe pana namna gani. Hewa iliyotoka kwenye rejeta imetanuka kwa joto, yahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko ilipoingia. Wengi hutia kifuniko cha kufungua na kufunga chini ya tumbo la injini. Wakati wa kupanda hufunguliwa, hewa ikavutwa nje. Wakati wa mwendo wa kasi hufungwa, ili eropleni isivutwe nyuma bure.

Mwisho ni nyufa. Hewa, kama maji, hupita penye njia rahisi. Ukiacha nafasi ya kidole kati ya rejeta na mfereji, hewa yapita hapo na kuiacha rejeta. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wajenzi wengi walionunua rejeta ya pili wangeweza kuponya shida yao kwa ukanda wa mpira wa bei ndogo.

MAFUTA NAYO YANA JOTO LAO

Hapa wageni wa injini ya rota hukosea sana. Katika motakaa nyingi mafuta ya injini ni ya kulainisha kwanza. Katika injini ya rota yana kazi nyingine kubwa: hurushwa ndani ya rota yenyewe na kuipoza, maana maji hayawezi kufika huko. Kwa hiyo kama theluthi moja ya joto la kutupa hutoka kwa njia ya mafuta. Katika mfano wetu, kilowati 80 ni za maji na 40 ni za mafuta.

Kilowati 40 si kidogo, na mafuta ni mchukuzi mvivu kuliko maji. Kilo moja ya mafuta hubeba karibu nusu tu ya joto linalobebwa na kilo ya maji, tena hushikamana na ukuta wa mrija. Basi ule uso wetu wa rejeta tuugawe: sentimita 40 kwa 39 kwa ajili ya maji, na 28 kwa 28 kwa ajili ya mafuta, kila moja na mfereji wake. Mtu akitia kipozea mafuta kidogo kama cha pikipiki, mshale wa maji utatulia vizuri, naye atajisifu, kumbe mshale wa mafuta wapanda kimya kimya.

KUPIMA KABLA YA KUPANDA

Hesabu ni mwanzo tu. Baada yake huja kupima, na vyombo vya kupimia si vya ghali. Mjenzi huchukua mrija mwembamba unaoonekana ndani, akautia maji ya rangi na kuukunja kama herufi U. Ncha moja huifunga mbele ya rejeta, ya pili nyuma yake. Akiruka, tofauti ya urefu wa maji humwambia upepo wasukuma kiasi gani. Kama mbele na nyuma ni karibu sawa, hewa haipiti katika rejeta kwa nguvu. Mdomo ni mdogo, au mlango wa nyuma umebanwa, au hewa imepata ufa. Wengine hubandika nyuzi fupi za sufu ndani ya mfereji na kuzitazama zalala upande gani.

Kisha kuna kifuniko cha rejeta, kile chenye springi. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Hushikilia msukumo ndani ili maji yasichemke upesi. Usawa wa bahari maji hupata mchemko kwa digrii 100, na wale wapikao maharage milimani wajua kwamba huko juu huchemka mapema na chakula hakiivi upesi. Kwa urefu wa mita 3,000 ni digrii 90 tu hivi. Eropleni hufika huko kwa dakika chache. Kifuniko kibovu, kisichogharimu kitu, chaweza kumwangusha mtu aliyefanya hesabu zote sawasawa.

Baada ya hayo huja kuruka kwenyewe. Kwa injini isiyo na cheti cha eropleni, muda wa majaribio unaotolewa Marekani kwa kawaida ni saa 40. Rubani hupanda akiwa karibu na uwanja, mahali ambapo injini ikipungua nguvu aweza kuteleza na kushuka salama. Macho yake huenda mara kwa mara kwenye mishale miwili, wa maji na wa mafuta. Dalili ya mvua ni mawingu. Mshale ukipanda na kutulia, hesabu imekubali. Ukipanda pasipo kutulia, haingoji ufike kwenye alama nyekundu. Hushusha pua ili mwendo uongezeke, hupunguza nguvu za injini, hufungua kifuniko cha chini, na kurudi uwanjani. Kesho yake yu gerejini tena, na tochi mkononi, atafuta ufa.

Muda wote huo mkewe na watoto hubaki nje ya uzio wa uwanja, wakitazama juu. Kiti cha pili ni kitupu, au kimefungwa magunia ya mchanga ili kupima uzito. Huenda mtoto amemshikia baba ribiti miaka mitano, naye huuliza kila Jumamosi, "Leo je?" Baba hujibu, "Bado." Si kwa ukali. Ngoja joto la kiangazi lije, tupande mchana wa saa nane, tupande mara kumi, mishale itulie mara kumi.

Na siku ile inapotulia mara kumi, majaribio yamekwisha na karatasi zimetiwa sahihi, magunia ya mchanga hutolewa, na mtoto hufunguliwa mlango.